Safari ya Lübeck Jumamosi: muda umebadilika

Habari zenu wapendwa, poleni na baridi. Safari ya Marienkirche, kanisa la Bikira Maria la kule Lübeck, ipo palepale ila treni ya asubuhi sana tumeiacha, tunakutana Hamburg stesheni kuu saa 3 na nusu asubuhi, na tafadhali tufike kwa wakati kama Wajerumani, sio kwa mtindo wa kwetu 😂

1. Mchango yuro 15, watoto bure, mwisho Alhamisi usiku kwa mweka hazina.
2. Wa Altona chapati na maharage, wa Wandsbek chai na vikombe.

Kwa wale wanaouliza "kanisa tu, tunaenda kuangalia nini": hilo walilijenga matajiri wa biashara wa mji kwa matofali ya kuchoma, maana mawe ya kuchonga kule ni shida, likaisha karibu 1350, na dari lake la matao liko mita 38.5 juu, kwa matofali hakuna linaloifikia duniani. Mwaka 1942 usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi likapigwa mabomu, kengele zikadondoka toka mnarani na wakaziacha hapohapo zilipopasukia, mimi kila nikiziona nanyamaza tu. Halafu mwanamuziki Bach alitembea kwa miguu toka mji wa Arnstadt mwaka 1705 kuja kumsikiliza mwanamuziki mwenzake Buxtehude akipiga kinanda humo, sisi tunalalamikia dakika 45 za treni!

Jibuni "nipo" au "sipo" na idadi ya watoto kabla ya kesho saa 2 usiku, tiketi za kikundi tunakata watano watano. Asanteni 🙏