Tuchunguze shina na mizizi kabla ya kukata mti uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu wenye misaipresi uani, ile ambayo wengi huiita miti ya Krismasi, wasiamue hatima ya mti kwa kutazama majani peke yake. Mimi niliamua hivyo hapa Lushoto, nikaukata mti ambao ungepona na kuuacha uliokuwa hatari.

Marehemu baba alipanda miti miwili, mmoja kila upande wa geti. Ule wa kulia ulianza kukauka matawi kutoka ndani, karibu na shina, kuelekea nje, na mawe yaliyokuwa chini yake yakawa yananata kama yaliyomwagiwa maji ya sukari, kisha yakafunikwa na ukungu mweusi kama masizi. Waliosababisha hayo walikuwa vidukari wa misaipresi, wadudu walioonekana Malawi mwaka 1986, wakaingia Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, wakaharibu mashamba mengi ya miti. Majirani walisema mti umekwisha, nami nikamwita mwenye msumeno. Fundi alipopasua mbao, shina lilikuwa safi hadi kwenye kiini, na zaidi ya nusu ya matawi ilikuwa bado kijani. Ni kweli kwamba msaipresi hauchipui tena kwenye tawi kavu lililokwisha majani, kwa hiyo upande mmoja ungebaki na pengo, lakini pengo lile lisingemdhuru mtu.

Mti wa kushoto ulikuwa umestawi, kila mpita njia akiusifu. Kila mvua iliponyesha, uyoga wa rangi ya asali ulichipuka kwa vishada kwenye tako la shina, na mama akaufagia asubuhi pamoja na majani. Hatukujua kwamba uyoga ule ni dalili ya kuvu wanaoozesha mizizi, wanaoweza kuishi miaka mingi katika visiki na mizizi ya msitu uliofyekwa zamani. Usiku mmoja wa masika, pasipo upepo wa kutisha, mti ule ulianguka ukalalia jiko la jirani yetu. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na mtu ndani. Kulipokucha niliishika mizizi iliyong'oka, ikamomonyoka mkononi kama muhogo uliooza, na chini ya gome palikuwa na utando mweupe unaonuka uyoga.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa kuhusu mti mgonjwa, huanza kwa kuuliza ukianguka utaangukia nini. Mti ulio mwisho wa shamba unaweza kuachwa hata miaka ukiendelea kutazamwa, bali ule ulio karibu na chumba wanamolala watoto haupewi muda kama huo. Kisha nainama kwenye tako la shina kutafuta uyoga, gome linalobanduka, na udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, hasa kama mti umeanza kuinama hivi karibuni. Shina likigongwa kwa nyundo likalia kama ngoma, lina uwazi ndani. Wataalamu wa miti husema unene wa mbao isiyooza inayouzunguka uwazi huo ukiwa chini ya theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, hatari ni kubwa. Kwa shina lenye upana wa sentimita 60, hiyo ni kama sentimita 10 tu. Kidonda kinachotoa utomvu kwenye tawi hukatwa pamoja na tawi lenyewe, lakini kikilizunguka shina kuu, mti hauna tiba.

Anayekata kwa sababu ya kuvu wa mizizi aking'oe na kisiki, wala asipande msaipresi mwingine mahali pale pale.

Ombi langu kwa maofisa misitu wa wilaya zetu za milimani ni kwamba wapite mitaani kila Januari na Februari, kabla ya masika, wakague na miti ya uani kama wanavyokagua ya mashamba. Kwa sasa mwananchi akiona mti wake unaumwa hana wa kumwuliza ila mwenye msumeno, naye hulipwa pale tu mti unapokatwa.

Wako,
Msomaji, Lushoto