Lipangie Tarehe

Rehema rafiki yangu,

Salaam nyingi, na hongera kwa ofisi mpya. Umeniuliza wakili wa kujitegemea anapata wapi muda wa kukaa na kuitafakari kazi yake, ilhali asubuhi yuko mahakamani, mchana anapokea wateja na usiku anaandika hati. Ukweli ni kwamba hapati. Muda huo hupangwa kama shauri linavyopangiwa tarehe, la sivyo hauji.

Basi ufungulie muda huo faili. Lipe namba, liingie kwenye shajara ya ofisi, na karani wako alijue, maana yeye ndiye anayemwambia mteja "njoo, yupo". Saa moja kwa wiki inatosha. Ijumaa saa 9 alasiri inawafaa wengi: swala imekwisha, mashauri ya siku mengi yameshaitwa, na mambo ya wiki bado yako kichwani. Likitokea ombi la dharura, ahirisha, ila taja siku nyingine papo hapo na isivuke Jumanne. Wewe mwenyewe unajua shauri lililoahirishwa bila tarehe linavyoishia.

Kinachoiharibu saa hii mara nyingi ni hofu, wala si uvivu. Ukishakaa, moyo unakukumbusha utetezi ambao haujawasilishwa, unafungua faili "kuangalia kidogo", na saa imekwenda. Kwa hiyo dakika 15 za mwanzo iridhishe hofu hiyo. Pitia shajara ya wiki 2 zijazo, kisha orodha ya ukomo wa muda: siku 30 za kupeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 30 za taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani, miaka 6 ya madai ya mkataba. Kila ukomo uandike kwa tarehe ya kalenda. Anayeandika "siku 30" tu atalazimika kuhesabu upya kila mara, na siku moja atakosea. Halafu funga shajara.

Dakika 40 zinazofuata ni za faili moja tu la shauri lililokwisha. Jiulize: siku ya kuamua nilijua nini? Njia gani nyingine ilikuwepo? Kwa nini niliiacha? Usichague yaliyoshindwa peke yake. Kuna shauri linaloshindwa ilhali wakili alifanya yote yaliyompasa, na kuna linaloshinda kwa kuwa upande wa pili ulikosea zaidi. Hilo la pili ndilo hatari, kwa sababu hakuna anayelirudia.

Chukua rufaa iliyoondolewa Mahakama ya Rufani kwa kuchelewa. Wakili akiandika "nilizembea", ametoa hukumu bila sababu. Afuate hatua moja moja. Taarifa ya kusudio iliwasilishwa kwa wakati, na rufaa yenyewe ilitakiwa ndani ya siku 60 tangu hapo, lakini nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyoendelea mahakamani, ilichelewa kutoka. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaruhusu muda ambao Msajili anathibitisha kuwa ulitumika kuandaa nakala usihesabiwe, mradi ziliombwa kwa barua ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mjibu rufaa akapelekewa nakala ya barua hiyo. Barua ipo, muhuri wa mahakama upo, ila mjibu rufaa hakupelekewa. Kwa nini? Karani alidhani wakili ataipeleka, na wakili alidhani karani ameshaipeleka. Hapo sasa kuna kitu cha kurekebisha: ndani ya kila jalada la rufaa bandika karatasi yenye mistari miwili, "Msajili amepokea" na "mjibu rufaa amepokea", kila mmoja na tarehe yake na sahihi.

Dakika 5 za mwisho andika badiliko moja, nani atalifanya na lini. Ijumaa inayofuata anza kwa kuuliza kama limefanyika. Mabadiliko matano kwa wiki hayafanyiki hata moja.

Kumbukumbu huchuja, hivyo usingoje Ijumaa ndipo uanze kuandika. Ukitoka mbele ya hakimu, kabla hujawasha simu, andika mistari mitano: swali gani alikuuliza ukakosa jibu, shahidi alitetereka wapi. Kauntabuku ya kwaya mbili inatosha. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiifungua tu unakutana na ujumbe wa wateja. Andika namba ya faili badala ya jina la mteja, na kauntabuku ilale kwenye kabati lenye kufuli. Siri ya mteja haipungui kwa sababu ni daftari lako binafsi.

Ofisi ya mtu mmoja haina mkubwa wa kukwambia "hapa umepotoka". Tafuta wakili mmoja mkutane mara moja kwa mwezi, bila majina ya wateja, na kwanza mhakikishe hamsimami pande mbili za shauri moja.

Mwishoni mwa kila miezi mitatu, saa moja iende kwenye ada: zipi zimelipwa, na ni kazi gani zimekula siku nyingi kuliko ulivyokadiria. Halafu kuna likizo ya mahakama, tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari. Humo tenga siku mbili uisome kauntabuku yote kwa mkupuo. Kosa lililojirudia mara nne kwa mwaka huwezi kuliona ukisoma wiki mojamoja.

Ijumaa hii anza na faili lililofungwa karibuni, lile ambalo bado unalikumbuka. Niandikie kama saa 9 imegoma, tutafute nyingine.

Wako,
Salome