Nimrudishie binti yangu chapati ili apimwe tena?

Kwako daktari, na wasomaji wenzangu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Anayeninyima usingizi ni wa katikati, msichana wa miaka 9.

Kwa karibu miaka miwili tumbo lake lilikuwa likijaa kama ngoma, anaharisha, hakui, hata mdogo wake akamfikia kimo. Dawa za minyoo tulimpa mara sijui ngapi, amiba na taifodi tukapima, vidonge vya kuongeza damu akameza. Damu ikapanda kidogo, ikashuka tena. Ndipo wifi yangu aliyeko Muscat akanipigia simu. Yeye aligunduliwa huko kuwa ana seliaki: akila gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mdogo. Akaniambia, "Wifi, maradhi haya hutembea kwenye ukoo. Mwondolee ngano huyo mtoto."

Nikaondoa siku ileile. Mahamri, chapati, boflo, sambusa, hata viazi karai kwa ajili ya ule unga wanaochovyea. Akawa anakula vitumbua, mkate wa kumimina, ugali, muhogo. Mwezi haujaisha tumbo likanywea, na asubuhi akawa anaamka kabla sijamwita.

Baada ya miezi mitano ndipo nikampeleka kupimwa damu, na hapo ndipo nilipokosea. Walipima kingamwili za aina moja tu, tTG-IgA, zile protini za kinga ambazo kwa mwenye seliaki huonekana damuni. Jibu likaja: hana. Daktari hakuniuliza mtoto anakula nini, nami sikujua kama ni jambo la kusema. Sasa baba yake ameishika ile karatasi, anasema mtoto mzima. Mama mkwe humpa chapati nikigeuka, na usiku ni mimi ninayekesha naye chooni.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kingamwili hizo hushuka mtu akiacha gluteni, hivyo jibu linaweza kuwa safi na ugonjwa upo. Tena wapo watu ambao miili yao ina upungufu wa IgA, lile kundi la kingamwili ambalo tTG-IgA imo ndani yake, tangu asili. Hao kipimo hiki huweza kuwakosa hata wakila mkate kila siku, ndiyo maana hupimwa pia IgA yote kwa jumla. Ya binti yangu haikupimwa. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi, kabla ya kutolewa damu.

Wiki 6, jamani. Nimlishe mwanangu kwa mkono wangu kile kinachomuumiza? Na nikiacha, nitamtetea kwa lipi shuleni, arusini, kwa bibi yake? Ndugu zake nao, ikiwa yeye anao, inabidi wapimwe.

Daktari, nisubiri likizo ya Desemba ndipo nimrudishie? Ale kiasi gani kwa siku, na akizidiwa njiani nifanye nini? Au nianze na kipimo cha vinasaba, DQ2 na DQ8, ambacho hakijali mtu amekula nini? Naambiwa asiyekuwa navyo ni nadra mno kuwa na ugonjwa huu. Na wewe msomaji uliyepitia haya na mtoto wako, tafadhali niandikie ulimvusha vipi zile wiki.

Mama wa binti, Mombasa