Majaribio ya tiba ya MS yatufikie nasi

Ndugu Mhariri,

Dada yangu anaugua maltipo sklerosisi, MS. Kinga ya mwili wake inashambulia ala, yaani utando unaozifunika neva zake mwenyewe. Kuna asubuhi vifungo vya blauzi vinamshinda, namfungia mimi. Dawa nyingi zilizopo hupunguza hata kinga anayoihitaji.

Huko Barcelona, madaktari walichukua chembe za damu ya mgonjwa, wakazifunza maabara kuivumilia ala hiyo, kisha wakamrudishia mwilini. Ripoti yao ya 2019 ilihusu watu 12, wanane wenye MS, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Ni wachache mno, najua. Lakini majaribio mapana yakija, naomba wagonjwa wa Afrika waandikishwe tangu mwanzo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam