Barua ya wazi kwa wanabodi wapya wa sacco zetu

Wanangu,

Hongereni kwa kuchaguliwa. Mikutano mikuu imekwisha, na sasa mnawekewa mezani makaratasi ya kutia sahihi: sheria ndogo za chama, sera ya mikopo, kanuni za maadili. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna maneno ambayo watu huyapita mbio kana kwamba ni mapambo: prudence, provision, discretion, caution, diligence. Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na akiba yangu iko mikononi mwa watu kama nyinyi. Nawaomba mniazime masikio, maana siku mambo yakiharibika, mtapimwa kwa maneno hayo hayo.

Prudence limetokana na neno la Kilatini prudentia, ambalo nalo ni providentia lililobanwa katika kutamkwa, jinsi sisi tulivyobana baba yake tukapata babake. Pro ni mbele, videre ni kuona. Mtu anayesifiwa kwa neno hili ni mtu anayeona mbele. Woga haumo kabisa, na nalitilia mkazo hilo kwa sababu nimewasikia viongozi wa vyama wakilifanya kisingizio cha kukataa kila jambo jipya bila hata kulichunguza. Wala msilichanganye na prude, mtu wa haya za kupindukia. Hilo lilianzia kwenye sifa ya Kifaransa cha kale kwa mwanamke mwadilifu, na ndugu yake ni proud. Yanafanana sura tu.

Ndugu wa kweli wa prudence ni provision, yaani fedha zinazotengwa kufidia mikopo ambayo huenda isilipwe, na hilo mtakutana nalo kila mwezi kwenye hesabu. Kanuni za mwaka 2010 za sacco zinazopokea amana hapa Kenya zinataka mkopo unaolipwa vizuri utengewe asilimia 1. Ukichelewa hadi siku 30, asilimia 5. Kuanzia siku ya 31 hadi ya 180, asilimia 25. Kuanzia siku ya 181 hadi ya 360, asilimia 50, na zaidi ya hapo ni mkopo wote. Chukueni mkopo uliobaki shilingi 200,000. Umechelewa siku 40: tengeni 50,000. Umefika siku 181: 100,000. Fedha hizo zinakatwa kwenye mapato kabla ya dividendi, na hapo ndipo vishawishi vinapoanzia. Meneja anaweza kuja na pendekezo la kumwandikia mdaiwa mkopo mpya wa kufuta ule wa zamani, ili siku zianze kuhesabiwa upya na dividendi ionekane nono. Mkikubali huku mkijua mdaiwa hana uwezo wa kulipa, mmeyafumba macho ambayo neno lenyewe linawataka myafumbue.

Kuna kesi ya Marekani ambayo ningependa kila mwanabodi aijue. Mwaka 1823 huko Boston alifariki John McLean, akaacha dola 50,000 chini ya wadhamini, yaani watu wa kusimamia mali kwa niaba ya wengine (trustees), ili mapato yamtunze mjane wake, na baadaye mali igawanywe kati ya Chuo cha Harvard na Hospitali Kuu ya Massachusetts. Wadhamini walinunua hisa za viwanda na za kampuni za bima. Thamani ikashuka sana, na chuo na hospitali wakaenda mahakamani wakitaka hasara ilipwe. Mwaka 1830 Jaji Samuel Putnam aliwakatalia. Alisema kwamba ufanye utakavyo, mtaji u hatarini. Kinachotakiwa kwa mdhamini ni uaminifu, na atazame jinsi watu wenye prudence, yaani busara, wanavyosimamia mali yao wenyewe, si kwa kubahatisha, bali kwa kuiweka idumu, wakipima mapato pamoja na usalama wa mtaji. Kwa hiyo hasara peke yake haikuwatia hatiani. Mahakama iliangalia walivyotazama kabla ya kuamua. Ndiyo maana nawasihi kila uamuzi wenu uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na sababu zake: mliangalia nini, nani alipinga, kwa nini.

Discretion ndilo neno linaloniumiza zaidi linavyotumiwa. Sheria ndogo zikisema jambo fulani liko kwenye discretion ya bodi, wengi wanasikia "bodi ifanye itakavyo". Asili yake ni cernere, kuchekecha, kutenga chembe na makapi. Mliopewa mamlaka hayo mmepewa kazi ya kuchekecha. Ombi la shemeji ya mwenyekiti lipite kwenye chekeche lile lile la mwanachama wa kawaida.

Caution mnalijua kutoka ofisi za ardhi, ambako mtu akiwekea shamba caution, yaani zuio, haliuziki kimyakimya. Ni matumizi ya jadi hasa: neno hili lilipoingia katika Kiingereza, karibu mwaka 1300, lilimaanisha dhamana. Mzizi wake ni cavere, kujihadhari, na caveat, zuio kama hilo kwa wenzetu wa Uganda na Tanzania, imetoka hapo hapo. Hati ya shamba ikiletwa kama dhamana, fanyeni upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi nyinyi wenyewe. Msipokee karatasi ya upekuzi iliyoletwa na mkopaji.

Kisha kuna diligence, yaani bidii na uangalifu. Diligere kwa Kilatini ni kuthamini, kupenda kitu baada ya kukichagua. Wanasheria wamelifanya neno kavu, lakini mimi nalipenda kwa sababu ya asili hiyo. Kwenye orodha ya wanachama wenu kuna mama anayeuza mboga na kuleta shilingi mia tano kila Ijumaa, na kuna mlinzi wa usiku anayekatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Wao ndio wa kuthaminiwa hapo.

Kwenye kikao chenu cha kwanza, kabla ya kuzungumzia posho, ombeni orodha ya mikopo yote iliyochelewa zaidi ya siku 30, pamoja na ya wanabodi na wafanyakazi. Isomeni mstari kwa mstari. Meneja akisema haijawa tayari, ahirisheni kikao hadi iwe tayari.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu na mwanachama