Tanuri la gesi lisisubiri kuharibika ndipo likaguliwe

Mhariri,

Wengi wanaopasha nyumba joto kwa tanuri la gesi asilia hukumbuka kubadilisha kichujio cha hewa, kazi inayofaa kufanywa kila baada ya mwezi 1 hadi 3, lakini husahau bomba la kutolea moshi, ambalo likiziba huweza kurudisha ndani kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Harufu kali tuizoeayo ni ya kemikali inayotiwa kwenye gesi ili uvujaji utambulike; haituonyi kuhusu sumu hiyo. Mwali ukiwa wa manjano badala ya buluu, mtambo uzimwe na fundi aitwe. Kengele ya kaboni monoksidi, kwa maoni yangu, ingewekwa karibu na vyumba vya kulala kabla tanuri halijawashwa.

Msomaji wako