Baba angeelewa hesabu hizo kuliko sisi sote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Baba afariki, miezi 14 iliyopita. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka 34. Alifariki akiwa na miaka 81, baada ya kuugua dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau, kwa miaka sita tunayoijua. Nasema tunayoijua kwa sababu naamini ulimwanza mapema zaidi.

Siku alipopimwa na kuambiwa anaumwa nini, mimi na Mama tuliuliza swali moja tu: kuanzia hapa itakuwaje, na tuna muda gani? Daktari alisema kila mgonjwa na lake, na isitoshe uzee ni uzee. Tukapewa dawa na tarehe ya kurudi. Nakubali, hakuna daktari awezaye kutaja siku. Lakini yapo mengi yanayojulikana kuhusu nani huzorota upesi na nani huenda taratibu, na sisi hatukudokezewa hata moja. Tuliyajua yote baada ya kutukuta.

Umri ndio unaotangulia. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la kitabibu la BMJ yalikuta kwamba mwanaume anayegundulika akiwa na miaka 65 huishi kwa wastani miaka 5.7 tangu hapo, na anayegundulika akiwa na miaka 85 huishi 2.2. Kwa wanawake ni miaka 8 na 4.5. Huo ni wastani, na wapo wanaouvuka mbali. Baba aligundulika akiwa na miaka 75. Makadirio ya namna hii madaktari walikuwa nayo hata wakati ule. Kama yangewekwa mezani siku ile, Baba mwenyewe angeyaelewa kuliko sisi sote. Alikuwa bado na akili ya kutuambia anataka nini na hataki nini. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Usomi nao una mambo yake. Mtu aliyesoma, au aliyefanya kazi ya kuchemsha bongo maisha yake yote, huweza kuuficha ugonjwa kwa muda mrefu kwa sababu ubongo wake una akiba ya kufidia. Akiba ikikauka, hushuka kwa kasi, na ndugu hubaki wakilaumu dawa. Baba aliacha kuwasahihishia wajukuu kazi zao za shule miaka miwili au mitatu kabla hatujampeleka kupimwa. Alikuwa akiwaambia, "Fanya mwenyewe ndipo utajua." Tulimsifu kwa malezi mema, kumbe hesabu zilikuwa zimeanza kumtoka.

Isitoshe alikuwa na kisukari na presha. Madaktari walisema dimenshia yake ilikuwa mchanganyiko wa Alzheimer, aina inayowapata wengi zaidi, na ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Hii ya mishipa mara nyingi hushuka kama ngazi: mtu anatulia kwa miezi, kisha ghafla anateremka daraja moja na harudi tena. Kwa kawaida wenye hali hiyo huishi muda mfupi kuliko wenye Alzheimer peke yake. Kumbe presha ya Baba ilistahili kuangaliwa kwa bidii ile ile tuliyoitumia kumkumbusha majina ya watoto.

Mwaka wa nne, asubuhi moja, aliamka hamtambui Mama. Alikuwa akivuta shuka na kuzungumza na wanafunzi aliowaona yeye peke yake chumbani. Tukasema basi, ugonjwa umefika huko. Tulikaa siku mbili bila kumpeleka hospitali. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Laiti mtu angetuambia mapema sentensi hii moja: dimenshia huja polepole, kwa hiyo mgonjwa akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili, kuna kingine kinachomsumbua, na kinatafutwa siku hiyo hiyo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa namna hiyo kukichelewa kutibiwa, mara nyingi mgonjwa hupoteza uwezo ambao haurudi wote.

Jina la hospitali aliyolazwa silitaji. Miwani yake na kifaa chake cha kusikia vilifungiwa kwenye kabati vikakaa humo siku tano, na mzee asiyeona wala kusikia, akiwa mahali pageni, lazima atababaika. Alipopiga kelele usiku akapewa dawa ya kutuliza, ya zile wanazopewa wagonjwa wa akili. Hatukuulizwa. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeagiza dawa hizo ziwe na onyo kali, kwa sababu wazee wenye dimenshia waliopewa dawa hizo katika majaribio walikufa kwa wingi zaidi, takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya wasiopewa. Zipo hali ambazo zinahitajika kweli, mgonjwa anapotaka kujidhuru au kuumiza wengine. Hata hapo familia ielezwe, dozi iwe ndogo, na siku ya kuiacha ipangwe. Baba aliingia wodini kwa miguu yake akatoka kwenye kiti cha magurudumu. Hakutembea tena.

Kuanzia hapo nilianza kuandika uzito wake kwenye daftari, kila Jumapili. Kilo 68. Miezi mitano baadaye, 63. Kisha 57. Nilidhani kazi yangu ni kumbembeleza ale zaidi, kumbe kupungua uzito ni mojawapo ya dalili kwamba ugonjwa umefika mbali, na kukohoa katikati ya chakula ni dalili kwamba koo limeanza kusahau kumeza. Kinachoshuka njia isiyo yake kinaingia mapafuni, na nimonia inafuata. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 323 wenye dimenshia ya hatua ya mwisho katika nyumba za kutunzia wazee Marekani, waliofuatiliwa kwa miezi 18. Zaidi ya nusu walifariki. Kati ya waliopata nimonia, karibu nusu walifariki ndani ya miezi sita. Utafiti huo ulikuta pia kwamba wagonjwa ambao ndugu zao walielewa ugonjwa unakoelekea walipitishwa katika mateso machache ya kitabibu katika miezi mitatu ya mwisho.

Hilo la mwisho nimelisoma mara nyingi, kwa sababu sisi hatukuelewa. Kaka yangu alitaka Baba awekewe mpira wa kulishia. Mimi nilikataa, na sikuwa na hoja, nilikuwa na huruma tu. Tuligombana pembeni ya kitanda, Baba akitutazama. Leo najua kwamba katika hatua ile mpira haurefushi maisha wala hauzuii nimonia, na kwamba wataalamu wa wazee hushauri kulisha kwa mkono, polepole, mgonjwa akiwa ameketi wima. Kaka yangu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alihitaji mtu wa kumweleza, na huyo hakuwepo.

Moja tulilifanya vizuri, nalo nilisemee kidogo. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwa zamu. Auguste Deter, mgonjwa ambaye kwa habari zake daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliutambulisha mwaka 1906 ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, alikufa kwa maambukizi yaliyotokana na vidonda vya kulala kitandani. Baba aliondoka hana kidonda hata kimoja. Ni kazi ya mikono ya Mama zaidi ya yetu sote, na Mama mwenyewe aliacha kumeza dawa zake za presha kwa wiki nzima nzima kwa kukosa muda. Walezi nao wapimwe.

Ombi langu kwa madaktari ni nusu saa. Siku mnapotaja jina la ugonjwa, ketini na mgonjwa pamoja na watu wake. Elezeni unakoelekea, yanayoukimbiza, na dalili za kukimbilia hospitali. Kisha muulizeni mgonjwa mwenyewe, angali anaweza kujibu.

Mama sasa ana miaka 77 na akili timamu. Mwezi uliopita tuliketi naye, mimi na kaka yangu, tukamuuliza kuhusu mpira, kuhusu kulazwa, kuhusu nani aamue akishindwa. Alijibu yote bila kusita, akasaini. Tumeyaandika katika daftari lile lile la uzito wa Baba, kwenye kurasa zilizobaki.

Binti wa mwalimu mstaafu